Kiwanja chembamba, mteremko, reli ubavuni: tuuze au tujenge?

Swali nalifupisha ili wengine waelewe. Dada mmoja, katibu wa ushirika wa nyumba, anaandika kwamba wamenunua kiwanja katikati ya mji, mita 18 kwa 54, upande mfupi ndo unaogusa barabara. Kinashuka mita 4 kutoka barabarani mpaka nyuma, reli inapita ubavu mmoja wote, na kama mita 8 za mwisho kule chini ni kifusi kilichomwagwa zamani. Wanataka fleti 24 za watu wa kipato cha kawaida. Msanifu wa kwanza aliwachorea ghorofa 6 na paking ya magari 20 chini ya ardhi, bei ikapaa. Wa pili akawaambia wauze. Anauliza, "Tuuze kweli, au kuna namna?"

Dada yangu, msiuze kwanza. Nimesoma barua yako mara tatu na hata karatasi nimechukua nikachora, maana hivi viwanja navipenda na nimefanya navyo kazi miaka mingi. Kwenye nyumba za bei nafuu pesa haipotei sana kwenye kuta na milango kama watu wanavyodhani, inapotea chini ya ardhi na kwenye sehemu ambazo hakuna anayeishi, yaani korido, ngazi, paking, kuta za kuzuia udongo, pampu. Kwahiyo mkianza kuchora fleti nzuri kwanza halafu ndo mkazilazimishe ziingie kwenye kiwanja, mtalipia kiwanja mara ya pili, na naona msanifu wenu wa kwanza alifanya hivyohivyo, alichora jengo la kwenye tambarare halafu akatafuta namna ya kuutengeneza huo utambarare.

Nianze na paking maana ndo iliyowaua. Gari moja lililosimama linachukua mita 2.5 kwa 5, ila ukiweka na njia ya kuingilia, kugeuzia na rampu, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30 hivi. Magari 20 ni mita za mraba 500 mpaka 600. Kwenye mchoro ntakaokuelezea hapa chini, ghorofa nzima ya kwenu yenye fleti 6 ni kama mita za mraba 338. Yaani mlikuwa mnajenga karibu ghorofa mbili za ziada kwa ajili ya magari, tena ghorofa za ghali kuliko zote kwa sababu ziko chini ya udongo, zinataka kuta nzito, kuzuia maji, hewa ya kupulizwa na taa mchana kutwa. Halafu kuna gharama nyingine haionekani kwenye ramani. Nguzo za paking zinataka nafasi pana ili magari yageuke, na kuta za fleti juu zinataka kukaa kwingine, hivyo injinia analazimika kuweka mabimu makubwa ya kuhamishia mzigo, na bimu la namna hiyo linameza nondo na zege vibaya mno. Nendeni kwenye halmashauri yenu mkaulize sheria inawalazimisha magari mangapi, na kama kuna nafasi ya kuomba kupunguziwa kwa kuwa mko karibu na usafiri wa umma, ombeni kwa maandishi mapema kabla mchoro haujaenda mbali. Kwenye mita 5 za mbele yanaingia magari 5 yakiwa yamesimama kuelekea jengo, inabaki njia ya watu ya zaidi ya mita 5. Mimi ningeishia hapo.

Sasa ardhi. Kabla ya mstari wowote kuchorwa nataka vitu viwili: vipimo vya udongo, na kina cha chemba ya maji taka ya barabarani.

Udongo watu wanaukwepa kwa sababu unalipia shimo ambalo hutaliona tena. Nilishawahi kuwa kwenye mradi ambao mwenye mali alikataa kupima, akasema majirani wamejenga na hakijatokea kitu, sisi wachoraji tukakubali, na hilo ni kosa letu kabisa. Tulipochimba msingi kona moja tukakutana na kifusi chenye mbao zilizooza, kina kikazidi mita 3, kazi ikasimama wiki kadhaa na msingi wa upande ule ukachorwa upya wakati kontrakta yuko saiti analipwa kwa kusubiri. Hela ya vipimo ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na ile hasara. Kwahiyo nyie chimbeni mashimo angalau manne, mawili chini ya jengo, moja pale udongo wa asili unapokutana na kifusi, na moja ndani ya kifusi chenyewe. Lile la tatu ndo muhimu zaidi kwangu, kwa sababu linawaambia jengo linatakiwa liishie wapi. Jengo likiwa na mguu mmoja kwenye udongo mgumu na mwingine kwenye kifusi litashuka bila ulinganifu, na nyufa zake hazizibiki kwa plasta.

Na hapa kiwanja chenu kinawaonea huruma. Kifusi kiko mwishoni tu, mita 8. Msijenge fleti pale. Pale ndo bustani, sehemu ya watoto, kamba za kuanikia. Mita 5 za mbele, mita 8 za nyuma, jengo linabaki na urefu wa kama mita 41 juu ya udongo wa asili, na hizo zinatosha kabisa.

Mteremko sasa. Mita 4 kwenye urefu wa mita 54 ni kama asilimia 7 na kitu, sio mkali, ila ukitaka sakafu moja iliyonyooka kwa jengo la mita 41 utakuta kichwa na mkia vimepishana karibu mita 3, lazima uchimbe au ujaze au vyote viwili. Ukuta wa kuzuia udongo una tabia moja ambayo kila mteja angeijua angeuogopa: ukiongeza kimo mara mbili, msukumo wa udongo unaongezeka mara nne, na nguvu ya kutaka kuupindua ukuta inaongezeka mara nane. Maji yakijaa nyuma yake kwa kukosa kokoto na matundu ya kutolea maji, msukumo unaweza kuzidi maradufu juu ya huo. Kwahiyo ukuta mmoja wa mita 3 sio sawa na kuta mbili za mita 1.5 zilizoachana vya kutosha, huo mmoja ni ghali zaidi kwa mbali. Na rahisi kuliko vyote ni kutokuwa na ukuta kabisa.

Njia ni kuligawa jengo bloku mbili, kila moja urefu wa mita 18, moja mbele na moja nyuma, katikati kuna nafasi ya karibu mita 5 yenye ngazi. Bloku ya nyuma mnaishusha nusu ghorofa. Kama kimo cha sakafu mpaka sakafu ni mita 2.9, nusu yake ni mita 1.45, na ukipima katikati ya bloku mpaka katikati ya nyingine kwenye mteremko wenu unapata mita 1.7. Zimekaribiana mno, kana kwamba kiwanja chenyewe kiliombwa kiwe hivyo. Uzuri wake uko kwenye ngazi. Ngazi ya kawaida inapanda hatua 9, inageuka, inapanda 9 nyingine. Pale inapogeuka kwa kawaida ni nafasi tupu ya kupumulia tu, lakini kwenu itakuwa mlango wa bloku ya nyuma, na pale inapofika juu ni mlango wa bloku ya mbele. Ngazi moja inahudumia fleti 6 kila ghorofa bila hatua hata moja ya ziada. Ujanja huu ni wa zamani sana kwenye majengo ya kwenye vilima na nashangaa wachoraji wengi wanausahau.

Sakafu ya chini ya bloku ya mbele ikae sentimita 40 chini ya usawa wa barabara. Zile mita 5 za mbele zitashuka taratibu, mwinuko ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaumudu, na mkiufanya mrefu kidogo kwa kuupindisha ni bora zaidi. Hapo mna fleti 3 ambazo mzee, mgonjwa au mtu mwenye ulemavu anaingia bila ngazi. Msizigawe kwa bahati nasibu, ziandikeni kwenye katiba ya ushirika kabisa. Bloku ya nyuma itakuwa mita 1.85 chini ya barabara, na ukipiga hesabu ya mteremko utaona hakuna mahali mnachimba chumba, mnachimba msingi tu, na mkiani sakafu itakuwa imenyanyuka juu ya ardhi kama mita 1.5. Chini ya hapo wekeni matangi ya maji ya mvua.

Ghorofa ziwe 4, sio 6. Ghorofa 4 kwa fleti 6 ni 24, idadi mliyotaka. Mtu wa juu kabisa bloku ya mbele atapanda hatua 54, wa nyuma 45. Sio kidogo, najua, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi atazihesabu zote, lakini hakuna lifti ya kulipia umeme, mkataba wa matengenezo na vipuri kwa miaka 40 ijayo. Ile nafasi ya katikati pembeni ya ngazi acheni tundu wazi la kutosha lifti moja yenye milango pande mbili, siku ushirika ukipata nguvu mtaiweka bila kubomoa. Msije mkaweka lifti ya kubania. Pale St. Louis, Marekani, kulikuwa na nyumba za umma zinaitwa Pruitt-Igoe, majengo 33 ya ghorofa 11, ili kubana matumizi lifti zilikuwa zinasimama kwenye baadhi ya ghorofa tu, ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, wengine wote wanatembea kwenye ngazi zilizobaki. Ngazi na korido zile zikaja kuwa sehemu za hatari. Kubomoa kulianza 1972. Yalikufa kwa sababu nyingi, umaskini wa matengenezo na ubaguzi vikiwemo, ila ile lifti ni somo langu la kudumu, kitu cha kubania nusunusu kinakuja kuwagharimu wakazi kila siku.

Haya, chemba. Hili halina mvuto ila limeua miradi mingi. Bomba la maji taka la barabarani kwenu liko upande wa JUU wa kiwanja, na vyoo vyenu vya chini kabisa viko chini ya barabara. Chukua sakafu ya bloku ya nyuma, mita 1.85 chini ya barabara. Bomba linatoka kama nusu mita chini yake. Kutoka choo cha mbali kabisa mpaka barabarani ni kama mita 46, na kwa mteremko wa 1 kwa 60, yaani kushuka mita 1 kila mita 60, bomba linahitaji kushuka karibu mita 0.8. Jumla ni mita 3.1 na kidogo. Kama chemba ya barabarani ina kina hicho au zaidi, maji yanakwenda yenyewe kwa mvuto, mmepona. Kama kina ni mita 2, kuna mambo mawili. La kwanza ulizeni kama kuna bomba la umma upande wa chini, hata kama ni la kuombea njia kwa jirani. La pili, msikubali kusukuma maji ya jengo zima kwa pampu. Fleti za juu zina kimo cha kutosha, bomba lake likae peke yake liende kwa mvuto, pampu ibaki na zile 3 za chini za bloku ya nyuma tu. Pampu ikifa usiku zinaathirika fleti 3, sio 24. Mchoro wenu wa kwanza wenye chumba cha chini ungekuwa na pampu kwa lazima, na nina wasiwasi hakuna aliyewaambia.

Reli. Barua yako inaonekana reli ndo inakutisha zaidi, ila mimi naiona ndo iliyonichorea fleti. Upana wa kiwanja ni mita 18. Acheni mita 3 upande wa reli (hakikisheni kwanza mamlaka ya reli haina hifadhi, yaani ukanda wake wa ardhi usiojengwa, inayoingia ndani ya mpaka wenu, hili ni la kwanza kabisa kwenye makaratasi), jengo liwe na mita 9, upande wa pili zibaki mita 6 za uwanja mrefu wa ndani. Katika zile mita 9, mita 1.4 ni korido ya nje iliyo wazi, iko upande wa reli, ina ukuta mzito wa kimo cha kifua badala ya vyuma vya uwazi. Ukuta ule unakata sehemu ya sauti ya magurudumu kabla haijafika dirishani. Nyuma ya korido linafuata jiko na bafu. Sebule na chumba cha kulala viko upande wa pili, vinaangalia uwanja. Kelele inapita vikwazo vitatu kabla haijamfikia aliyelala.

Wakubwa wamefanya hivi. Pale London kuna Alexandra Road, kazi ya msanifu Neave Brown, ilimalizika 1978, nyumba zaidi ya 500 ubavuni mwa reli kubwa, jengo refu la ghorofa 8 limeipa reli mgongo na msingi wake umekaa juu ya vipande vya mpira vya kupunguza mtikisiko. Newcastle kuna Byker Wall ya msanifu Ralph Erskine, ukuta mrefu wa fleti uliopinda, upande wa kelele madirisha madogo, upande wa jua roshani za mbao. Ila nikuambie ukweli, Alexandra Road ilizidi bajeti vibaya sana, zege lote lile la kumwagwa palepale saiti. Chukueni wazo la mgongo, zege lao waachieni. Na mtikisiko mpimeni kwa kifaa, usiku, treni la mizigo likipita, kabla injinia hajachagua msingi. Kelele unaizuia kwa ukuta, mtikisiko unapanda kupitia msingi na ukishajenga hauna dawa ya bei rahisi.

Fleti yenyewe. Upana mita 6, kina mita 7.6, ukitoa kuta inabaki kama mita za mraba 41. Ni ndogo, sitaki kuificha. Ila fleti ndogo yenye madirisha pande mbili inakalika kuliko kubwa yenye upande mmoja. Mwanga wa dirisha unaingia ndani kwa kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu ya dirisha, dirisha likiishia mita 2.2 una mwanga mzuri wa mita 5 hivi, baada ya hapo unawasha taa mchana. Kwa kina cha mita 7.6 na madirisha pande zote hakuna kona ya giza, hewa inapita moja kwa moja, na bafu linapata dirisha la kweli kwenye korido badala ya feni ambayo itaharibika na hakuna atakayeitengeneza.

Gawanyeni zile mita 6 mara mbili, mita 3 sebule, mita 3 chumba, na ukuta wa katikati ubebe mzigo. Wengi watawaambia muache mita 6 wazi ili baadae mtu abadilishe. Naelewa, na kwenye mradi wa pesa nyingi ningekubali. Lakini slabu, yaani sakafu ya zege, ya kuruka mita 6 inataka unene wa milimita 200 au zaidi, ya kuruka mita 3 inatosha 150 na hata hiyo 150 tunaiweka zaidi kwa ajili ya sauti na moto. Ile tofauti ya sentimita 5 zidisha kwa eneo la ghorofa zote 4, ongeza nondo, halafu ongeza uzito wote huo unaoshuka kwenye msingi. Ukuta ukae juu ya ukuta kutoka juu mpaka chini, dirisha juu ya dirisha. Ghorofa zote zikifanana kontrakta anafunga mbao za zege mara moja na kuzitumia mara nne, fundi akishajifunza ghorofa ya kwanza ya pili anaikimbiza. Mlango wa aina moja, madirisha saizi mbili basi. Najua ushirika utakuwa na mtu atakayesema jengo litachosha macho, na hofu yake ni ya haki, ila uzuri mtauweka kwenye roshani, rangi ya korido, miti, sio kwenye kuvunjavunja kuta za nje. Kila kona ni nondo, ni plasta, ni maji yanayotafuta njia. Na tayari jengo jembamba lina ukuta mwingi: mita za mraba 400 zikiwa mraba wa 20 kwa 20 zinazungukwa na ukuta wa mita 80, zikiwa 8 kwa 50 ni mita 116. Mmeshalipia wembamba kwa sababu ya kiwanja, msiongeze na kona.

Vyoo vigongane mgongo kati ya fleti na fleti. Kwenye fleti 3 za bloku, mbili zitashirikiana na ya tatu itakuwa na njia yake, kwahiyo jengo zima lina njia 4 za mabomba badala ya 6. Na dakti, yaani ule uwazi wa ukutani yanamopita mabomba, ifunguke kwenye KORIDO, sio ndani ya bafu. Hiki kitu kidogo nakipigania kila mradi. Bomba la ghorofa ya tatu likivuja saa tano asubuhi na mwenye fleti yuko kazini, fundi anafungua kile kilango cha korido anatengeneza. Dakti ikiwa ndani, wa chini anavuliwa dari akisubiri wa juu arudi, na ugomvi wa majirani unaanzia hapo.

Ukijumlisha ghorofa moja, fleti ni mita za mraba 274 kati ya 338, asilimia 81 ya unachojenga kinakaliwa na watu. Muombe msanifu yeyote atakayekuja akupe namba hii kabla hajakuonyesha picha za rangi. Ikishuka chini ya 75 muulize pesa inakwenda wapi.

Kuna swali hukuuliza ila nalisikia ndani ya barua: bado itakuwa ghali kwa baadhi ya wanachama, je tufanyeje. Angalieni Quinta Monroy, mji wa Iquique, Chile, 2004. Msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental walikuwa na karibu familia 100 zilizokaa miaka 30 kwenye nusu hekta katikati ya mji, ruzuku ya dola 7,500 kwa familia, na hiyo ilitakiwa ilipe ardhi, miundombinu na nyumba. Ardhi pale ilikuwa ghali mara tatu ya ile ya kawaida ya nyumba za namna hiyo. Badala ya kuwahamishia mbali walijenga nusu ya nyumba nzuri, na nafasi ya familia kuongeza yenyewe hadi karibu mara mbili. Ile nusu waliyojenga ni ile ambayo familia isingeweza kujijengea vizuri, yaani muundo, ngazi, jiko, bafu. Kwenye ghorofa huwezi kuongeza chumba nje kirahisi namna ile, lakini kanuni inafanya kazi: bafu na jiko malizeni kabisa, kuzuia maji kabisa, umeme kabisa, mlango wa nje imara, halafu vigae vya sebule, makabati, dari, rangi ya pili, vimwachieni mwenye fleti amalizie kwa kasi yake. Msimwachie mtu amalizie bafu. Akilikosea, maji yanakwenda kwa jirani.

Mnapobana matumizi kuna sehemu hazishikwi. Vipimo vya udongo, paa, mifereji, upana wa ngazi, na chochote kinachohusu moto. Jengo la Grenfell, London, lilifungwa ukutani vifaa vya nje ambavyo vilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kuliko vilivyopangwa mwanzo, tarehe 14 Juni 2017 moto ukapanda kwa nje na watu 72 wakafa, kwenye jengo la ghorofa 24 lenye ngazi moja. Mchoro wangu nao una ngazi moja, kwahiyo nisikilize vizuri hapa. Ni ghorofa 4, korido iko wazi moshi unatoka, kuta ni za tofali na zege, na mlango wa mbali hauzidi mita 18 kutoka kwenye ngazi, lakini kuna sehemu kanuni za zimamoto hazitakubali hata hivyo. Nendeni na mchoro wa penseli kwa zimamoto kabla ya kulipa michoro kamili. Wakitaka ngazi ya pili, iwe ya nje, ya chuma au zege, mkiani mwa bloku ya nyuma, na mwisho wa korido ya mbele iwepo njia nyingine ya kushukia upande wa barabara. Inaongeza gharama ila hailiui wazo. Mkigundua hilo jengo likiwa ghorofa ya pili, linaliua.

Kitu kimoja kinachonisumbua bado ni zile mita 6 za uwanja. Jirani wa upande ule akija kujenga ghorofa nyingi karibu na mpaka, fleti zenu za chini zitapoteza jua. Goldsmith Street, kule Norwich, nyumba za halmashauri zilizopewa tuzo ya Stirling, ile ya usanifu majengo ya Uingereza, 2019, walibana mitaa hadi mita 14 na bado wakapata jua kwa kulalisha mapaa, lakini wao walimiliki pande zote mbili za mtaa. Nyie mnamiliki moja. Muulizeni mtu wa mipango miji jirani anaruhusiwa kimo gani na umbali gani, na kama jibu ni baya sogezeni jengo nusu mita kuelekea reli kama hifadhi inaruhusu, ukuta wa nje wa uwanja upakwe rangi nyeupe, na madirisha ya sebule za chini yaanzie chini karibu na sakafu.

Kwa wiki hii fanya matatu tu. Nenda na futi na fundi mkafungue chemba ya barabarani mpime kina, omba barua ya mpaka wa hifadhi ya reli, na tafuta bei mbili za kupima udongo, mashimo manne kama nilivyosema. Ukipata kina cha chemba niandikie tena na namba yake, maana kama ni mita 3 kamili badala ya 3.1 kuna namna ya kuinyanyua bloku ya nyuma sentimita kumi na tano kwa kupunguza kimo cha hatua za ngazi ile ya kwanza, na ningependa kuichora kabla hamjamlipa mtu mwingine.